Suruali Isiyo na Akiba

Fundi hakulogwa. Hilo litangulie, kwa sababu ndilo lililozungushwa sana mtaani mpaka likaota miguu yake lenyewe. Hakulogwa, hakulishwa kitu, na kiti anachokalia hakina shetani. Na kuhusu yale mengine, kwamba alikuwa akionekana barabarani alfajiri na mjane wa kaka yake: alionekana, ni kweli, na mke wake wa ndoa alikuwa hatua tatu mbele yao, akiwahimiza wasikokote miguu. Waliosimulia walimwona mjane, wakamwona Fundi, ila macho yao yakaingia ukungu yalipofika kwa mke. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Hawakusema lipo lote.

Kilichotokea ni hiki.

Duka la ushonaji la nyumba hii ya akina Fundi ni chumba kimoja cha chini kwenye jengo la ghorofa, mkabala na duka la Mama Vifungo, anayeuza nyuzi, zipu na vifungo, na maneno huyatoa bure. Ndani mna meza ya kukatia, pasi mbili nzito, kioo kirefu chenye ufa, cherehani ya miguu, na kiti cha mbao chenye mto uliokandamizwa ukawa mwembamba kama kitabu. Kiti hicho alikikalia baba mtu miaka ishirini na tisa, mpaka moyo wake uliposimama akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano. Akakirithi mwanawe mkubwa. Huyo naye moyo ulimsimama alasiri ya Jumanne moja, akitia pindo kwenye gauni la mteja, akiwa na miaka hamsini na minne na miezi miwili. Ndipo kiti kikamwangukia mdogo mtu, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi tu.

Wakati habari hii inaanza, Fundi alikuwa na miaka hamsini na mitatu na miezi tisa. Ilibaki miezi mitano amfikie kaka yake. Hesabu hiyo kila mtu aliijua, na wapo walioigeuza mzaha. Mteja mmoja aliyeleta kitambaa cha suti alisema mbele za watu, "Fundi, yangu nimalizie kabla ya miezi mitano, tafadhali. Sitaki kutafuta fundi mwingine suti ikiwa na mkono mmoja." Fundi alicheka pamoja nao. Kisha akatoka mlangoni kuvuta sigara, ya tano siku ile, na saa sita ilikuwa haijagonga.

Jumamosi moja asubuhi alirudi kutoka kununua viazi vya kukaanga, akakuta shemeji yake amesimama kwenye meza ya kukatia. Huyu ni mjane wa kaka yake. Watu wote humwita Mwalimu, kwa kuwa alifundisha sayansi miaka thelathini na mmoja na hakuwahi kuchelewa kipindi.

"Funga mlango, shemeji."

"Wateja watadhani nimefilisika."

"Watadhani umekwenda kula. Urudishe nusu. Mkeo yuko nje pale kwenye benchi, hakuna atakayesema kitu."

Fundi aliurudisha mlango nusu. Juu ya meza zilikuwa suruali mbili za kijivu, zimegeuzwa ndani nje, mishono ya nyuma ikitazama juu. Ya kwanza ilikuwa yake. Mkewe alikuwa ameitoa kwenye nguo za kufua. Ya pili aliitambua baada ya kitambo, na viazi mkononi vikakosa ladha kabla hajavionja. Ilikuwa ile ambayo hospitali waliwarudishia ndani ya mfuko wa plastiki, jioni ile ya Jumanne.

"Soma," alisema Mwalimu, kama anayemwita mwanafunzi ubaoni.

Fundi cherehani husoma mshono kama wengine wanavyosoma barua. Uzi ukifumuliwa, matundu ya sindano hubaki kwenye kitambaa. Alipitisha kidole gumba. Kwenye suruali ya kaka yake kulikuwa na mistari minne ya matundu, mmoja nje ya mwingine, kila mmoja ukionyesha mahali ambapo mshono ulifumuliwa ukasogezwa. Kitambaa kilipokwisha, marehemu alitia kipande cha pembetatu cha kitambaa kingine, kwa ufundi kiasi kwamba nje kisingeonekana. Kwenye suruali ya Fundi ilikuwa mistari minne, na kipande cha pembetatu. Hata mkono wa mshono ulikuwa ule ule. Walifundishwa na baba mmoja.

"Nani aliachia hii yako?"

"Mimi mwenyewe."

"Kila baada ya muda gani?"

"Ikibana."

"Na ulipoona imebana, ulifikiri nini?"

"Nilifikiri imebana, Mwalimu."

Watu wengine huambiwa na nguo zao. Kifungo kinaruka, zipu inagoma, mtu anakuja kwa fundi uso umeinama akisema dobi kairudisha imesinyaa. Analaumu maji, analaumu sabuni, lakini usiku akilala anajua. Fundi hana wa kumwonea haya. Jumapili alasiri anafumua, anasogeza nusu inchi, anashona, anapiga pasi, na chai bado haijapoa. Kwa miaka ishirini hakuna suruali iliyombana zaidi ya siku mbili. Alipima viuno vya mtaa mzima na kuviandika daftarini, na kiuno chake mwenyewe hakikuwahi kuzungushiwa futi hata mara moja, kwa sababu baba yao alikuwa na neno lake: kinyozi hajinyoi, na fundi hajipimi, anayejizungushia futi anajikatia sanda. Neno hilo wanaume wa nyumba hii walilishika kama amana. Hawakujua ndilo lililokuwa likiwazika.

Mwalimu aliitoa futi kwenye msumari wake ukutani, akaiweka mezani kati ya suruali mbili.

"Kukupima mimi si adabu. Ama nimwite mkeo, ama ujipime."

"Mwalimu, unajua baba alisema nini."

"Najua. Alisema akiwa na hamsini na mitano, na hamsini na sita hakuiona."

Nje Mama Vifungo alisikika akimuuliza mke wa Fundi kama kuna msiba. Fundi aliichukua futi. Ilikuwa ya manjano, tarakimu za mwanzo zimefutika kwa jasho la vidole. Aliizungusha juu ya shati, akavuta tumbo.

"Wateja wakivuta tumbo huwa unawaambia nini?"

"Huwa nawaambia futi haina haya."

"Basi."

Akaachia pumzi. Inchi arobaini na tatu. Bila kuambiwa, aliinyoosha suruali ya marehemu mezani, akaipima kiunoni kutoka ncha hadi ncha, akazidisha kwa mbili. Alirudia mara mbili. Ilikuwa arobaini na tatu.

Mwalimu alianza kuikunja suruali ya mumewe, taratibu, mguu juu ya mguu. "Siku ile alisema ni bega la pasi," alisema. Bega la pasi ni jina ambalo nyumba hii huyaita maumivu ya bega na mkono, maana pasi ni nzito na mkono huinyanyua kutwa. "Nikamsugua dawa ya misuli. Robo saa nzima nilimsugua. Mimi sitasugua mtu mwingine bega, shemeji. Jumatatu saa mbili uko zahanati."

Jumatatu saa mbili alikuwa zahanati, katikati ya wanawake wawili kama mshitakiwa. Muuguzi alimfunga kitambaa cha kipimo mkononi, akapima, akapima tena mkono wa pili. Presha ilikuwa mia moja sabini na nane kwa mia moja na kumi.

"Baba, unafanya mazoezi?"

"Nakanyaga cherehani kutwa. Miguu yangu inatembea kuliko ya tarishi."

"Inatembea, lakini hufiki popote," alisema muuguzi bila kucheka. "Sigara?"

"Moja moja."

"Kwa siku?"

"Kwa wakati."

Mkewe aliguna. Muuguzi aliandika. Alimweleza kwamba baba na kaka waliokufa mapema kwa moyo ni taarifa, na wenye taarifa wana nafasi ambayo marehemu hawakuipata. Sigara ziishe. Chumvi ya mezani iondoke, na viazi vya kukaanga vya kila mchana viondoke nayo. Atembee kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki kwa uchache, na kila saa moja ainuke kwenye kile kiti. Tumbo lipungue, arobaini tayari ni nyingi, arobaini na tatu ni kengele. Na vidonge viwili kila asubuhi, bila kukosa, hata akijisikia mzima. "Hasa ukijisikia mzima," alisema muuguzi. "Presha haipigi hodi."

Kwa wiki saba Fundi alikuwa mtu wa kupigiwa mfano. Alfajiri walitoka watatu, mkewe mbele. Sigara zilishuka hadi mbili, kisha hadi hakuna. Kikopo cha chumvi kilichokaa miaka mingi kando ya chaki kilihamishwa. Mwalimu alipita dukani kila siku saa nne, akatazama, akasema neno moja au mawili, akaenda zake.

Kisha msimu wa sare za shule ukafika. Sare mia moja na arobaini, na shule ilikuwa inafunguliwa baada ya wiki tatu. Kidonge kimoja kilimfanya aende haja ndogo mara kwa mara, na choo kiko mwisho wa ua, nyuma ya maduka manne. Kila akiinuka, uzi unakatika, mkono unapoteza mwendo. Asubuhi moja akaamua kidonge kile kingoje mpaka sare ziishe. Kesho yake kile kingine nacho kikangoja, kisionekane kinaonewa. Mkewe alimpa vyote mkononi kila asubuhi alipotoka; naye alivitia mfukoni, na dukani akavidondosha kwenye kopo la vifungo vyeupe vya mashati.

Kilichofichwa kwenye kopo hutoka na kopo. Siku ya kumi alilirudisha kwa Mama Vifungo, kwa kuwa vifungo vilikuwa vikubwa kuliko alivyoagiza, naye kichwa chake kilikuwa kimejaa sare. Mama Vifungo alivimimina kwenye kaunta kuvihesabu.

"Fundi, hivi vifungo vyako vinashonewa wapi? Havina matundu."

Fundi aliona vidonge vimetawanyika, akavikusanya haraka mno. "Ni vitamini."

"Vitamini za kuficha kwenye kopo? Nani kakupa?"

"Watu wa nyumbani."

"Watu wa nyumbani," Mama Vifungo alirudia, na akatazama mlangoni, saa nne ile ile ambayo Mwalimu alikuwa akivuka barabara.

Fundi alitaka tu kuficha kwamba hamezi dawa. Lakini kabla jua halijazama, mtaa ulikuwa unajua kwamba mjane anamlisha shemeji yake vitu vyeupe ili amtwae, na kwamba maskini Fundi anavitema. Watu wawili walimletea Mwalimu habari hiyo mlangoni, nusu yake ya kwanza tu, kwa huruma nyingi. Mwalimu aliwashukuru. Kesho yake hakwenda dukani, wala hakutoka alfajiri. Hakutaka jina la nyumba litafunwe kwenye kaunta ya vifungo. Mke wa Fundi, akiachwa peke yake na mume anayedai amechoka, naye alilegea. Mwalimu alichagua jina akaacha mtu. Hilo lilikuwa kosa lake, na linaandikwa hapa kwa sababu anayesahihisha wengine hana ruhusa ya kujirukia.

Sigara zikarudi, kwanza moja kwa ajili ya kichwa, kisha zingine kwa ajili ya ile ya kwanza.

Jumatatu ya kufungua shule, Fundi alibeba furushi la mwisho, mashati na sketi arobaini. Ofisi ya mkuu wa shule iko ghorofa ya tatu. Juu, wazazi walikuwa wanamsubiri. Sauti zao zilishuka kwenye ngazi. Ghorofa ya kwanza aliipanda vizuri. Ya pili akapumzika, akajifanya anarekebisha kamba ya furushi. Alipoanza ya tatu, kifua kilibanwa, si kwa kuchomwa bali kwa uzito, kama pasi iliyowekwa juu yake ikasahauliwa. Uzito ukapanda begani, ukateremka mkono wa kushoto. Jasho lilimtoka, na lilikuwa la baridi.

Bega la pasi, alijisemea.

Akayasikia maneno hayo kwa sauti ya kaka yake.

Pasi huinyanyua kwa mkono wa kulia. Miaka yote hiyo, wa kulia. Alisimama ameshika ukuta. Zilibaki ngazi kumi. Alizihesabu kama anavyohesabu vifungo vya koti. Akipanda kumi, atakabidhi kazi, watamsifu, atapewa kiti na maji, kisha atatafuta mtu wa kumsugua. Hakuwahi kuchelewesha sare, wala baba yake, wala kaka yake. Lile gauni la Jumanne lilikutwa na pindo limebakia shubiri moja tu, na Fundi mwenyewe aliwahi kulisema hilo kwa majivuno.

Akaliweka furushi chini, kwenye vumbi la ngazi, kitu ambacho hakuna aliyepata kumwona akikifanya kwa nguo ya mteja, akaketi kando yake.

Karani wa shule alikuwa anashuka na mafaili. "Fundi, mbona umeketi huku? Juu wanakuulizia."

"Dada, niitie gari la hospitali."

"Umeanguka?"

"Sijaanguka. Si bega."

Karani hakuelewa kuhusu bega, ila aliuona uso. Mafaili yakabaki ngazini na furushi.

Hospitalini walimshika haraka. Jioni daktari alimweleza kwamba mshipa mmoja wa moyo ulikuwa umebanwa vibaya, kwamba wamewahi, na kwamba sehemu kubwa ya moyo imepona. "Ungepanda ukafika juu," alisema, "pengine ningekuwa nazungumza na mkeo." Kisha akauliza kuhusu vidonge. Mke wa Fundi alifungua mdomo kusema mumewe hajakosa hata siku moja.

"Viko kwenye kopo la vifungo," alisema Fundi.

Mkewe alimtazama muda mrefu. Kesho yake alikwenda kwa Mama Vifungo na karatasi ya daktari, akaiweka wazi kwenye kaunta mbele ya wateja watatu, akasema, "Nipimie dazeni moja vyenye matundu. Visivyo na matundu ninavyo, na hiyo ndiyo orodha yake, isome kwa sauti ili usipate tabu ya kutunga." Mama Vifungo hakuisoma, lakini wateja waliisoma.

Mwalimu alifika wodini siku ya pili. Alikaa kwenye kiti cha wageni, mkoba magotini.

"Nilikuacha kwa sababu ya midomo ya watu."

"Mwalimu, mimi ndiye niliye..."

"Nimesema. Sitarudia. Kesho nakuja tena, na mlango ubaki wazi waone."

Fundi alikaa nyumbani wiki sita. Siku ya kwanza aliporuhusiwa kugusa mkasi, alimwita mkewe, akainua mikono, akasema, "Pima." Ilikuwa arobaini na moja na nusu. Alikata suruali moja ya kijivu kwa kipimo hicho. Aliposhona mshono wa nyuma, aliukata ukingo wote wa akiba uliobaki ndani, ule ambao fundi mwema huuacha kwa ajili ya kesho ya mteja, akauacha upana wa punje ya mchele tu. Vipande akavitupa. Ilikuwa kazi mbovu. Baba yake angemfukuza dukani. Suruali ile haikuwa na pa kwenda. Mwenyewe akinenepa, ama itamwambia, ama itapasuka hadharani.

"Na ukipungua?" mkewe aliuliza.

"Kupunguza nguo ni kazi ya dakika tano."

Siku aliyotimiza umri wa kaka yake, miaka hamsini na minne na miezi miwili, ilikuwa siku ya kazi. Hakuna aliyeitaja. Saa nane mkewe aliingia dukani akakaa kwenye benchi. Saa nane na nusu Mwalimu aliingia, akakaa kando yake. Mteja mmoja alichungulia, akaona nyuso, akasema atarudi. Fundi alikuwa kwenye kile kiti, akitia pindo. Saa tisa iliingia. Cherehani peke yake ilikwenda, ikasimama, ikaenda. Kila iliposimama, wanawake wawili waliinua macho. Saa tisa na robo, saa ile yenyewe aliyokufa kaka yake, Fundi alifika mwisho wa pindo, akakata uzi kwa mkasi, akalinyoosha gauni mbele ya dirisha.

Mwalimu aliinama akalitazama. "Hapa kwenye kona halijanyooka."

"Nitafumua," alisema Fundi. Kisha akainuka kwenye kiti, kwa kuwa saa moja ilikuwa imepita, akazunguka meza mara tatu kama alivyoagizwa.

Mwaka huu ana miaka hamsini na saba. Presha bado anayo, na vidonge anavimeza mbele ya mkewe, mdomo wazi kama mtoto. Suruali ameipunguza mara mbili. Kiti kipo, walioshauri kichomwe walijibiwa kwamba hakikuua mtu.

Wapo wanaoendelea kuuliza kwa nini mwalimu wa sayansi alisugua bega robo saa nzima badala ya kuita gari, na mumewe alimwambia nini katika robo saa hiyo. Wameuliza sokoni, wameuliza msibani, mmoja ameuliza kwa barua. Jibu lipo, na mwenye nalo yu hai, ndiye aliyeshika kalamu hii. Haliandikwi.